Siku Mama Aliyeliliwa Alipotoka Migombani

Kabla simu za mkononi hazijafika kijijini kwetu Njisi, nilikofundisha shule, habari za nyumbani nilimpelekea kaka yangu, aliyekuwa Dar es Salaam, kwa barua pepe. Kila Jumamosi nilikwenda Bondeni, Kyela mjini, kwa mzee mmoja wa asili ya pwani aliyeuza vitenge. Katika chumba cha nyuma ya duka lake aliweka kompyuta tatu, na watu tulipanga foleni.

Jumamosi moja mvua ilikuwa inakuja na gari la kwetu linapiga honi. Nikatuma barua, nikaondoka mbio. Sikufunga akaunti yangu.

Siku ya nne kaka alishuka barabarani na shangazi wawili aliowapitia Mbeya, wote wamejifunga kaniki. Walilia njia nzima mpaka uani. Mama akatoka migombani na kapu la kakao, akauliza nani amefariki. Shangazi mkubwa akaanguka.

Kaka alinipa karatasi aliyoichapisha: mama amefariki, njoo haraka. Anwani ilikuwa yangu, na jina langu lilikuwa chini. Niliapa kwamba sikuandika. Mama akataka asomewe mara mbili.

"Kumbe ni wewe uliyeniua," aliniambia, wala hakucheka.

Kesho yake nilimvaa mzee wa duka. Alisema waliokalia kiti kile baada yangu siku ile walikuwa wengi, hakuwajua wote.

"Mwalimu, umetoka kwako ukaacha mlango wazi. Mimi nimlaumu nani?"

"Ulituonyesha lini kwamba kuna mlango?"

Nilikasirika zaidi kwa sababu sote wawili tulikuwa na haki. Akanisaidia kubadili neno la siri. Nami nikaandika kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, "Funga akaunti kabla hujaondoka", nikaibandika juu ya kila kompyuta.

Jumamosi iliyofuata nilikuta akaunti ya mtu imeachwa wazi chini ya karatasi hiyo hiyo. Barua ya kwanza ilikuwa ya mapenzi. Nilisoma mstari mmoja, nikaona aibu, nikaifunga.

Aliyeandika barua ile hatukumjua kamwe. Shangazi mkubwa alikaa mwaka mzima bila kuitikia salamu yangu. Kaka naye, kila nikimwandikia, alinitaka kwanza nimtajie jambo la utotoni ambalo mgeni asingelijua. Hata nilipomwandikia kwamba nimejifungua, aliuliza kwanza nani alivunja chungu cha bibi.