Msichana wa Kwenye Tisheti

Tisheti mpya ikitolewa kwenye nailoni, harufu ya wino hunirudisha mtaani Free Area, asubuhi moja ya baridi. Watu walikuwa wamejipanga kukimbia kwa kumkumbuka marehemu dada yangu, na kuchangia utafiti wa kansa ya watoto. Kila tisheti ilikuwa na picha ya msichana mwenye nywele zilizosukwa, ncha zikiwa na shanga.

"Mama, huyu ni nani?"

"Si ni dada yako? Hiyo ni picha ya kabla hajaugua."

Alianza kuugua nikiwa mchanga. Dada niliyemjua hakuwa na nywele, na kila jioni mimi ndiye niliyempaka mafuta kichwani.

Nilikimbia hata hivyo, tisheti ikinigonga magotini. Karibu na barabara kuu, msichana mmoja asiye na unywele hata mmoja alikuwa amesimama na babake akitazama. Nikaacha kukimbia, nikaenda nikamshika mkono.

Mama, aliyekuwa ametangulia mbele, alirudi kunitafuta. Alimwangalia yule msichana, akaniangalia mimi, akaja akasimama nasi. Wakimbiaji wakaendelea kupita, wote wakiwa na yule mwenye nywele kifuani.