Bi Ionie na Santuri ya Mwisho

Saa nne asubuhi, Kingston. Bi Ionie Tulloch, fundi wa kukata, yaani kuchonga, nyimbo kwenye santuri, anaishika santuri tupu kwa ncha za vidole. Imebaki hiyo moja. Shehena nyingine inafika baada ya wiki sita. Sindano ya kukatia ikiruka mara moja tu, santuri imeharibika, na Everald Bunting, mwenye disko la King Tamarind, ataingia kwenye mashindano ya madisko ya Jumamosi bila wimbo wake mpya.

"Bi Ionie, nataka besi itikise meno," Everald anasema.

"Basi punguza maneno, mwanangu."

Tatizo ni utangulizi. Dakika nzima Everald anajisifu. Wimbo ukiwa mrefu, mifereji ya santuri hubanana, na iliyobanana haibebi besi nzito.

"Lakini zile sifa ndizo zinazowamaliza wapinzani."

"Zinawamaliza kwa usingizi."

Mama huyu wa miaka 68 alianza kwa kufagia studio, kwa dola kumi na mbili kwa wiki. Siku moja fundi hakutokea na waimbaji walikuwa wamejaa. Akakaa yeye kwenye mashine, mwanamke wa kwanza mtaani kufanya hivyo.

"Mwimbaji mmoja aliniuliza kama nataka kuipiga deki mashine," anasema. "Nikamwambia aimbe kwanza, ndipo tucheke wote."

Miaka arobaini na moja sasa anarekodi, anasawazisha sauti, anakata. Santuri alizokata zimepita elfu tisa.

Everald anazunguka chumba, anajikuna shingo.

"Haya, zipunguze sifa, kata. Ila jina langu libaki, tafadhali."

Sindano inashuka. Uzi mwembamba mweusi unachomoka kwenye santuri inapochongwa na kunyonywa na bomba. Bi Ionie ameweka kiganja ukingoni mwa meza, anaipima besi kwa mkono. Wimbo unakwisha baada ya dakika tatu. Sindano hairuki.

Wanaipiga. Loo, besi hiyo! Vioo vya dirisha vinalia, na nje muuza madafu anaacha mkokoteni wake, anacheza. Everald, mtu wa maneno kuliko redio, anamkumbatia Bi Ionie.

Bi Ionie mwenyewe hajawahi kuisikia kazi yake mbele ya umati. Habari za mashindano humfikia Jumapili kanisani, kwa minong'ono. Safari hii anakwenda.

"Nimeshanunua viatu bapa, nasimama mbele kabisa," anasema. "Na mchungaji akiniona huko, naye aeleze alifuata nini."