Mama na Maji Mekundu

Juzi, harusini, mjukuu wangu aliniletea bilauri ya sharubati nyekundu, nikashindwa kuinywa. Nilikumbuka mji wa Elisabethville enzi za ukoloni, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, ambako sisi watoto tuliambiwa kwamba batumbula huteka watu kwa gari na kunywa damu yao.

Alasiri moja, gari jeupe lenye harufu kali ya dawa lilikuja kumchukua mama, aliyekuwa na homa. Mwanamume mwenye koti jeupe akaninyooshea bilauri yenye maji mekundu. Nilipiga kelele.

Mama aliipokea, akanywa yeye. "Usiogope, mwana yangu. Iko siro tu, maji ya sukari."

Akapanda garini, mlango ukafungwa.

Leo najua lilikuwa gari la hospitali. Lakini mama hakurudi, na baba hakuwahi kuonyeshwa kaburi lake.