Darubini ya Mzee Romani na Barua Yangu ya Posa

Mwezi nusura unikoseshe mke.

Msicheke kwanza. Najua mtu akitaja Sumbawanga na mwezi kwa pumzi moja, nyie mshaanza kuwaza watu wanaoruka na ungo. Tulieni. Hii ni habari ya spana, bisibisi na mzee mmoja mwenye hasira za karibu.

Naitwa Malimi. Wazazi wangu walihamia Rukwa na ng'ombe wao kutoka Shinyanga. Mimi ng'ombe wakanishinda, nikawa fundi baiskeli hapa mjini.

Siri ya kazi yangu ni moja tu: grisi. Mimi nikiona chuma kinasuguana na chuma bila grisi, usingizi siupati.

Basi bwana, nikampenda Redempta, binti wa Mzee Romani wa Mollo. Mzee ni mwalimu mstaafu wa jiografia, Mfipa wa misa ya kwanza, anayepiga pasi shati hata la kwenda kuvunia ulezi.

Barua ya posa nilipeleka mwezi wa tatu. Mwezi wa sita bado kimya.

"Baba anasemaje?" nikamuuliza Redempta.

"Anasema bado anaisoma."

Barua yenyewe ukurasa mmoja!

Sasa, mzee ana darubini. Ni bomba refu, nene, chini lina kioo kikubwa cha kukusanya mwanga. Unachungulia ubavuni, karibu na juu. Aliachiwa na mwalimu mwenzake wa kigeni aliyemaliza mkataba.

Pale pa kuchungulia pana kishingo kinachoingia na kutoka ukizungusha kitufe, mpaka picha itulie. Wenyewe pale nyumbani wanakiita shingo. Ilikuwa ya plastiki, meno yameisha. Ukiigusa tu, mwezi unacheza sindimba.

Mpwa wake Gabriel, yuko Dar, akamtumia kwa basi shingo mpya ya chuma. Mzee akaniita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Wewe si ndiye fundi?"

"Ndiyo mzee."

"Nifungie hii. Jumamosi jioni nina wageni. Nikiuona mwezi umetulia, barua yako naijibu hapohapo. Nisipouona, naijibu hapohapo vilevile."

Mmeielewa hiyo? Mimi niliielewa: mwezi ukicheza, mke sina.

Alhamisi nikaingia kazini. Kioo nikakitoa kwanza, nikakifunga kwenye kitenge, chembe za chuma zisije zikakichubua wakati natoboa. Matundu ya shingo mpya hayakulingana na ya zamani. Nikapima mara nne, nikatoboa mapya, nikakaza nati. Kazi safi, mwenyewe nikajisifia.

Halafu nikazungusha kitufe. Kavu! Chuma kwa chuma! Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la grisi.

Kumbe shingo za aina ile hazina meno kabisa. Ndani kuna kijiti kinachoibana shingo, ukizungusha kinaivuta kwa kukwaruzana tu. Ukipaka grisi umekwisha. Kijiti kinazunguka, shingo iko palepale inakutazama.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jasho likanitoka, na baridi ya Juni ya Ufipa mnaijua.

Nikafungua vyote. Nikaosha kwa petroli, nikafuta, nikakausha, nikafunga upya. Ikashika vizuri kabisa, nikarudisha na kioo mahali pake. Nikaaga, nikaenda zangu.

Kuhusu grisi sikumwambia mtu. Ya nini sasa? Si imepona?

Jumamosi, saa kumi na moja jioni, nusu mwezi uko juu peupe. Uani kwa mzee viti vimepangwa. Yupo katekista Zenon, yupo Shangazi Marsiana kutoka Mwazye, dada wa mzee na mama mzazi wa huyo Gabriel, na majirani. Mama Redempta kapika kuku na kasugua kila kitu, hata miguu ya viti inang'aa.

Mzee akatoa hotuba fupi ya dakika ishirini kuhusu sayari. Kisha akainama kuchungulia.

Akazungusha kitufe. Akazungusha tena. Akarudi nyuma, akapangusa miwani, akazungusha mpaka mshipa wa shingo ukamtoka.

"Ajabu kubwa," akasema. "Katekista, karibu uone."

Katekista akachungulia sekunde tatu.

"Mungu ni mkubwa," akasema, akarudi kwenye kiti chake haraka.

Ikaja zamu ya Shangazi Marsiana. Huyo hana dogo.

"Kaka, mimi naona uji."

"Uji gani?"

"Wa sembe. Tena mwepesi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee hakucheka. Akatoa simu, akampigia Gabriel, sauti akafungulia kila mtu asikie.

"Gabriel! Umenitumia takataka! Umenidhalilisha mbele ya katekista!"

"Mjomba, mbona hiyo ni mpya kabisa..."

"Mpya wapi! Kitufe kinazunguka bure! Krismasi usikanyage kwangu!"

Akakata. Shangazi Marsiana akainamisha kichwa, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya kanga yake. Ni mwanawe yule anayetukanwa mbele ya watu.

Mzee akanigeukia. "Wewe fundi usijali. Kazi yako nimeiona, haina kosa. Barua yako leo tutaimaliza."

Jamani!

Ndoa ilikuwa pale, mkononi. Nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza hakuna gharama. Redempta ananitazama anatabasamu. Mimi nikamtazama Shangazi na ile kanga yake, moyo ukanisuta. Nikasimama.

"Mzee, naomba Gabriel asilaumiwe. Kosa ni langu. Shingo niliipaka grisi, na haitakiwi. Nikaiosha, nikajua imetoka yote. Kumbe imebaki."

Mzee akanitegea sikio.

"Grisi?"

"Grisi, mzee."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Na ukafunga mdomo mpaka leo."

"Nikafunga, mzee. Niliogopa barua."

Redempta akafunika uso. Mzee akaiendea darubini polepole, akapitisha kidole kwenye shingo, akakitazama. Akakinusa. Akakinusa tena.

"Fundi."

"Naam mzee."

"Siku hizi grisi ya baiskeli inanukia maua?"

Nikasogea nikanusa. Kweli, maua! Hayo ni mafuta ya mgando, yale ya kujipaka mwilini.

Macho yote yakamgeukia Mama Redempta. Yeye akashika kiuno.

"Sasa mlitaka niiache vile? Imepauka! Wageni wanakuja, kitu kimepauka! Kwangu hakitoki kitu mlangoni kimepauka, awe mtoto au chuma. Asubuhi nilivyomaliza kuwapaka wajukuu nikaipaka na yenyewe. Kidogo tu!"

Mzee alikaa chini. Nikadhani presha imepanda, kumbe ni kicheko. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na katekista akacheka hadi akakohoa.

Mimi mbio kwenye kopo la petroli. Robo saa baadaye nikarudisha shingo, mzee akazungusha taratibu, akatulia.

"Haya, Marsiana," akasema hatimaye. "Njoo uone."

Shangazi akainama. "Yesu na Maria! Masikini, kumbe mwezi nao uliugua ndui!"

Mzee akampigia Gabriel. "Krismasi njoo," akasema, akakata. Kwa mzee yule, huko ndiko kuomba radhi.

Kisha akaingiza mkono kwenye koti, akatoa bahasha mbili.

"Niliandika majibu mawili," akasema. Moja akaichana vipande vinne, nyingine akampa Redempta. "Kijana anayekiri kosa ambalo si lake, nyumba hii inamhitaji. Humu ndani hakuna anayekiri hata lililo lake."

"Unamsema nani?" Mama Redempta akauliza. Mzee akajifanya anatazama mwezi.

Funzo langu ndilo hilo, ndugu zangu. Ukiharibu, sema, maana ukinyamaza atasulubiwa mwingine. Na wewe unayelaumu, nusa kwanza.

Siku ya harusi, mama mkwe alinisimamisha mlangoni mwa kanisa, akanikagua juu mpaka chini, akatikisa kichwa. Akachovya kidole kwenye kikopo chake cha mafuta, akanipaka shingoni.