Lipu ya Papa Zacharie

Watu wa Stockholm walibishana miaka saba kama ile barabara ya juu ibomolewe au iachwe, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyemuuliza Zacharie Mushagalusha anaonaje. Angeulizwa kwa lipi? Alikuwa mfagiaji. Lakini kama kuna mtu aliyeijua barabara ile kwa karibu, hawakuwa wale waheshimiwa wenye ramani za rangi. Ni yeye, kwa kuwa ndiye aliyeshika ufunguo wa ukumbi uliojengwa chini yake, katikati ya nguzo, ambamo Wakongo wa kusini mwa mji walisali kila Jumapili huku malori yakiwapita utosini.

Zacharie, ambaye Wakongo wenzake walimwita Papa, yaani Baba, alizaliwa Kadutu, Bukavu, na akiwa na miaka kumi na sita alikuwa tayari fundi mwashi, anapiga lipu ukuta mzima ukanyooka bila kushika pimamaji mara mbili. Vita vikamtoa. Akaishi kambini Nakivale, Uganda, miaka sita, kisha akaletwa Sweden na mkewe Laurentine na binti yao Christelle. Huku akaonyesha mikono yake, wenyewe wakataka vyeti. Vyeti gani, jamani, vya mtu aliyefundishwa na mjomba wake kwa makofi? Basi akapewa ufagio. Kwa miaka kumi na mitano alifagia vumbi la mafundi wengine kwenye majengo mapya, akiona lipu imepigwa ovyo ovyo, akinyamaza, akirudi kwake Hagsätra roho inamuuma.

Ukumbi wenyewe haukuwa mzuri. Baridi yake ilipenya soksi mbili, na vumbi la kijivu liliangukia vitabu vya nyimbo hata siku ambayo dirisha halikufunguliwa. Lakini waliupenda kwa sababu moja tu: ngoma. Walikuwa wamefukuzwa kwenye chumba cha chini ya ghorofa kule Hagsätra, wakafukuzwa kwenye ukumbi wa michezo kule Hallunda, kila mahali majirani wakiuliza ibada gani hii ya masaa manne yenye makelele. Chini ya malori nani angelalamika? Laurentine, aliyekuwa mama wa kwaya, alisema hapo ndipo mahali pekee Sweden nzima ambapo hakuna aliyewahi kumwambia ateremshe sauti.

Ndiyo maana ubishi ulipopamba moto, kanisa nalo likachagua upande. Wale wa kubomoa walitaka bustani na nyumba mpya, wakasema zege limechoka, chumvi inayomwagwa barabarani kila majira ya baridi imekula nondo kwa miaka sitini. Wale wa kuiacha walisema ikibomolewa foleni zitaua mji. Kanisa likasema iachwe. Laurentine alizunguka na karatasi za sahihi, akitoka zamu hospitalini Flemingsberg bado amevaa viatu vya kazi, anagonga mlango mmoja baada ya mwingine. Na Mchungaji Félix akatangaza salongo.

Salongo kila Mkongo anaijua: siku ya kazi ya pamoja, kila mtu na kifaa chake, hakuna kulipwa wala kukwepa. Jumamosi moja ya mwezi wa tatu walijaa pale na ndoo na brashi, ili wakubwa wakija kukagua wakute mahali panapotunzwa. Ndani ya ukumbi, karibu kabisa na jukwaa la kwaya, ilisimama nguzo moja ya barabara yenye ufa kutoka begani hadi magotini. Mchungaji akampa Zacharie mwiko na karai la saruji. "Papa Zacharie, hii ni yako." Miaka kumi na mitano alikuwa hajashika mwiko. Almanusura alie mbele za watu.

Juu ya ufa ule palikuwa na kitu kidogo cha plastiki, vipande viwili vinavyopishana, vyenye mistari myembamba na msalaba mwekundu, kimoja kimegandishwa upande huu wa ufa na kingine upande ule. Pembeni pameandikwa namba saba. Akina mama walitaka kukitupa.

"Hapana, hapana," Zacharie akasema. "Hii ni mali ya serikali. Mali ya serikali haitupwi."

Akakibandua taratibu kwa kisu, akakifunga kwenye leso, akaujaza ufa saruji, kisha akapiga lipu nguzo nzima ikawa laini kama ganda la yai. Ilipokauka akakirudisha kitu kile mahali palepale, kimenyooka, msalaba katikati ya mistari. Akakifuta kwa kidole, akarudi nyuma hatua tatu kukitazama. Mungu amsamehe, siku ile alifurahi kuliko siku aliyopewa uraia.

Hakujua kuwa ni kipimo cha kuonyesha kama ufa unapanuka. Kwao Bukavu ufa hupimwa kwa kidole.

Mwezi wa kumi, Jumanne mchana, siku mbili kabla ya mkutano mkubwa wa kusikiliza maoni ya wananchi, Zacharie alikwenda kufagia ukumbi. Mlango ulikwama, akausukuma kwa bega. Mwezi ule mlango ulikuwa umekwama mara nyingi, na yeye alikuwa akiulaumu unyevu. Alipokuwa akifagia jukwaani, mpini wa ufagio ukaigonga nguzo, na nguzo ikaitika kama mtungi mtupu.

Akasimama pale pale. Lipu iliyoshika haiitiki hivyo. Akagonga juu, akagonga chini, akazunguka nyuma. Kote ni mtungi. Akachokonoa pembe ya chini kwa ufunguo, na kipande kikubwa kama sahani kikadondoka miguuni pake. Lipu yake ilikuwa imeachana na zege siku nyingi, imebaki kusimama yenyewe kama ngozi.

Nyuma yake ule ufa ulikuwa wazi. Saruji aliyoujazia ilikuwa imesagika ikawa unga. Mwezi wa tatu ufa ule ulimeza ukucha. Sasa alitia kidole kikazama hadi kiungo cha pili, akagusa kutu iliyolowa. Huko juu lori likapita. Ufa ukambana kidole, kisha ukamwachia.

Zacharie akachomoa mkono, akakitazama kile kitu cha plastiki. Msalaba mwekundu ulikuwa palepale katikati ya mistari, haujatikisika. Ndipo akaelewa kilikuwa cha nini, na yeye alikuwa amekifanya nini. Akakaa kwenye ngazi ya jukwaa, mahali wanaposimama watoto wa sauti ya kwanza.

Nyumbani alimkuta Laurentine anasonga ugali.

"Mama Christelle, ile nguzo ya ukumbini imekufa."

"Nguzo inakufaje?"

Akamweleza yote, akamwonyesha na kidole chenye kutu. Laurentine akaweka mwiko chini, akazima jiko.

"Kesho kutwa ndiyo mkutano," akasema. "Niko na sahihi mia nne. Weye unataka kusema nini mbele ya Bazungu?"

"Nitasema niliyoyaona."

"Na Ijumaa batatufungia mlango. Halafu tutaenda wapi? Turudi Hallunda batuzimie taa tukiwa katikati ya wimbo?" Sauti ikampanda, kisha ikamshuka. "Miaka sitini imesimama, Papa Christelle. Haiwezi kusimama na mingine miwili mpaka tupate mahali?"

"Watoto wa kwaya wanasimama hatua moja kutoka pale."

Laurentine hakusema ni uongo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, maana mkewe hakuwa mtu wa kukubali jambo bila ubishi. Alisema tu, "Usinifanyie vile," akaenda kulala bila kula.

Alhamisi ukumbi wa maktaba ulifurika. Kanisa lilikaa safu tatu za mbele, wamevaa vizuri, Laurentine na karatasi zake mapajani. Mtu mmoja wa kampuni iliyoajiriwa kupima nguzo akasimama na picha zake ukutani. Alikuwa na sauti ya kubembeleza, kama daktari wa meno. Akasema wakazi wanahofia bure. Akasema nguzo fulani iliwasumbua mwaka jana, lakini habari ni njema. Picha ikabadilika, na ukutani, kubwa kama mlango wa gereji, ikatokea lipu ya Zacharie.

"Kipimo namba saba," akasema yule mtu. "Tangu mwezi wa tatu kimesoma sifuri. Hakijasogea hata unywele."

Watu wa upande wa kuiacha barabara wakapiga makofi, na kanisa likapiga kuliko wote. Laurentine alipiga huku akitazama mbele, shingo imekakamaa. Zacharie alitamani sana kukaa kimya. Nani angejua? Akapiga moyo konde, akainuka.

Kiswidi chake kilikuwa cha ufagio na ndoo, lakini kilimtosha. "Mimi ndiye niliyekibandua," akasema. "Mimi ndiye niliyekirudisha. Hicho hakipimi nguzo yenu. Kinapima lipu yangu."

Mtu mmoja akacheka, akaacha. Zacharie akaeleza salongo, akaeleza mtungi, akainua kidole akawaonyesha mpaka wapi kilizama. Mchungaji Félix akamvuta koti kutoka nyuma. "Papa Zacharie, weye ni wetu ama ni wabo?" Na kwenye safu zile tatu za mbele hakuna aliyemgeukia, hata mkewe.

Mwenyekiti wa mkutano akamshukuru sana. Akasema yameandikwa kama maoni namba thelathini na moja. Kisha akampa nafasi mzungumzaji wa thelathini na mbili, ambaye alitaka kuzungumzia baiskeli.

Hebu fikiria! Mtu ameuza jamaa zake wote kwa maneno manne, anapewa namba. Zacharie akatoka nje akiwa hajui aelekee wapi, na huko kwenye ngazi akasikia viatu vinamfuata mbio. Alikuwa Pearl, binti wa Kiganda, mhandisi kijana wa halmashauri ya mji, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa bila kufungua mdomo.

"Mzee," akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, "kesho asubuhi unifungulie."

Asubuhi Pearl alikuja na nyundo ndogo na tochi. Aligonga mara moja, mara ya pili, na lipu yote ya upande wa jukwaa ikashuka kwa pamoja, vumbi likajaa. Akamulika ndani ya ufa. Alimulika kwa muda mrefu, kisha akageuka.

"Mzee, toka nje. Sasa hivi. Usichukue kitu."

Hata ngoma hawakuzitoa. Mlango ukafungwa, utepe wa njano ukazungushwa. Huko juu magari yakaendelea kupita. Pearl alimweleza kwa uchungu kwamba kufunga ukumbi anaweza kwa sahihi yake mwenyewe, lakini kufunga barabara inayobeba maelfu ya magari kunataka kamati, na kamati inakutana Jumatano. Alikuwa ameandika, alikuwa amepiga simu, alikuwa amepandishiana sauti na bosi wake. Walichompa ni kibao cha kuzuia malori mazito. Akamwachia Zacharie namba ya dharura za barabara, akamwambia akiona chochote apige.

Jumapili kanisa lilikuja hivyo hivyo, likasimama nje ya utepe kwenye baridi, watoto wakiwa na makoti juu ya sare za kwaya. Zacharie alisimama peke yake upande wa pili wa maegesho. Hakuna aliyempa mkono. Laurentine alikuwa hajamsemesha tangu Alhamisi. Chakula alikikuta mezani, maneno hakuyakuta.

Mchungaji Félix akasema kwa sauti, ili asikie, "Kama ni hatari kweli, mbona magari yanapita? Hatari ni ya Wakongo peke yao?"

Zacharie mwenyewe aliona ni swali zuri.

Wakaanza wimbo bila ngoma. Katikati ya ubeti wa pili Laurentine akainua mkono, kwaya ikanyamaza. Aliinamisha kichwa kama anavyofanya anapomtafuta mtu mmoja anayeimba vibaya. Gari likapita juu. Likapita la pili. Kisha akatoka mbele ya kwaya yake, akavuka maegesho yote akaja kwa mumewe.

"Papa Christelle," akasema polepole. "Kuna kitu kinasaga humo ndani. Kila gari."

Na yeye akasikia. Ilikuwa sauti ya chini, ya jiwe juu ya jiwe, na ilikuwa ikichelewa kunyamaza baada ya gari kwenda. Laurentine akageuka akapiga kelele, "Rudisheni watoto nyuma! Nyuma kabisa, ng'ambo ya barabara!" Safari hii hakuna aliyebisha, hata Mchungaji. Alibeba wawili kwapani, akakimbia.

Zacharie akapiga ile namba ya dharura. Sauti ya mashine ikamwambia kwa Kiswidi safi kwamba kama kuna mtu aliyeumia abonyeze moja, la sivyo asubiri, yeye ni wa kumi na nne kwenye foleni.

"Bonyeza moja!" Laurentine akasema.

"Lakini hakuna aliyeumia bado."

Chembe za zege zilianza kudondoka kwenye paa la ukumbi, moja moja. Kule kwenye mteremko wa kupandia barabara ya juu, basi jekundu lilikuwa likipanda taratibu, limejaa, watu wamesimama hadi mlangoni.

Laurentine akamnyang'anya simu, akabonyeza. Sauti ya mwanamke ikaitika mara moja, ikauliza wameumia wangapi.

"Basi zima," akasema.