Foleni ya Mahindi ya Njano

Mwaka ule wa njaa shule ilifungwa kabla ya likizo, stoo ilikuwa imebaki na panya tu. Nilidhani nyumbani kutakuwa na afadhali. Wapi. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya cha ujamaa, mihogo tumeiacha kule kwenye mahame, na mdogo wangu alikuwa amevimba miguu. Ukimbonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Kwa hiyo lori la mahindi ya msaada lilipofika ofisi ya kijiji tulikwenda wote: bibi, mama, mdogo wangu na mimi.

Huyu ninayemwita bibi hakumzaa mama wala baba yangu. Alikosa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe wake akamwoa mama, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Kwetu Wakurya ni nyumba ntobhu, hakuna anayeishangaa. Mwanamume aliyetuzaa anajulikana. Tulikuwa tukimkuta njiani tunamwamkia shikamoo, tunapita.

Bwana wa wilayani, mgeni wa mkoa mwingine, alitaka kila mwenye nyumba asimame, mke na watoto nyuma yake. Bibi akasimama mbele yetu na fimbo yake, kama wenzake.

"Mama mzee, mumeo yuko wapi?"

Bibi Kiswahili hakijui sawasawa. Akanigeukia nimtafsirie, mimi ambaye darasani hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni naona haya.

"Anasema yeye ndiye mume," nikasema.

"Nani?"

"Yeye. Huyu mama ni mke wake."

Utingo akapiga kelele juu ya magunia: "Bwana harusi huyo! Ndevu kaziacha wapi?"

Wanakijiji hawakucheka. Balozi wetu wa nyumba kumi alijaribu kueleza, yule bwana akamkata. "Mila zenu mimi sizijui. Bibi ni mjane, apewe chake. Huyu dada akasimame nyuma ya baba wa watoto, apewe cha watoto. Hataki, basi."

Baba wa watoto alikuwa papo hapo kwenye foleni, anaangalia vidole vyake vya miguu.

"Siendi," mama akasema kwa Kikurya. "Nikisimama pale nitakuwa mke wa nani?"

Bibi aliitazama miguu ya mdogo wangu. "Nenda."

"Siendi, mama."

"Ng'ombe niliwatoa mimi. Nikikwambia nenda, unakwenda."

Tukaenda. Nilipogeuka, bibi alikuwa bado amesimama vilevile, kifua mbele, na nyuma yake hakuna mtu.

Jioni mama alisonga ugali wa njano kwenye mafiga ya bibi kama kawaida. Ulinuka gunia. Mdogo wangu alikula mpaka akalala na tonge mkononi. Bibi alimega kidogo, akasema ameshiba. Sikumwamini.

Miguu ya mdogo wangu ilinywea, akaanza kukimbia tena. Ndipo yule mwanamume alipokuja asubuhi moja. Zamani alikuwa akisimama mbali na kupiga hodi. Siku hiyo aliingia moja kwa moja mpaka uani.

"Kijana," akamwambia mdogo wangu, "twende ukachunge. Utakaa kwangu."

"Huyu ni wa nyumba hii," mama akasema.

"Si mlisimama nyuma yangu? Kijiji kizima kiliona."

Mama akamtazama bibi, akingoja akatae. Na mimi nilingoja. Bibi aliingia ndani, akakaa kidogo, akatoka na kiporo cha ugali amekifunga kwenye jani la mgomba. Akampa mdogo wangu.

"Utakula machungani," akamwambia.

Wakaondoka, yule mtu mbele, mdogo wangu nyuma. Bibi akanigeukia kama siku ile ya foleni. Nikasogea karibu, nikidhani ana neno anataka nimsemee. Akachukua ufagio, akaanza kufagia pale walipokuwa wamesimama.