Treni ya Makopo ya Emali

Kila Jumamosi klabu ya reli ndogo ya Emali ikifungua ukumbi, fundi wao hupitisha kidole kwenye reli za waya zilizo juu ya meza, hukinusa, kisha humtupia Mbinya, msichana anayemsaidia, kitambaa chenye mafuta ya taa. "Pangusa tena, mama." Vidole vya fundi ni vinene kama betri za tochi, lakini magurudumu ya vizibo vya soda huyashika kama anamtoa mtoto kibanzi jichoni. Mabehewa ni makopo ya mafuta ya kupikia ya Kimbo, na sheria ni moja: hayatoki mpaka treni kubwa ipige honi pale stesheni.

Siku moja mgeni wa heshima, tiketi ya treni ya kurudi Nairobi mfukoni, alicheka. "Mzee, hata haka kadude kana ratiba?"

 Honi ilipolia, fundi alipunga bendera yake ya kijani. Kawaida treni huzunguka meza mara moja tu. Leo aliiacha izunguke, izunguke tena, huku mgeni ameinama akipiga makofi. Honi ikalia mara ya pili, sasa kwa mbali. Mbinya akaliona begi la mgeni mlangoni, akaziba mdomo kwa kitambaa kile kile cha mafuta ya taa.

"Mheshimiwa," fundi akasema, akikunja bendera, "ile ya ratiba yako ndiyo hiyo imeenda."